Avoka kwenye Shamba la Kuazima

Katika darasa letu hakuna aliyechagua kilimo kwa sababu alikipenda. Tulipofika mwisho wa mwaka wa pili wa sekondari, pale Walikale, ilibidi kila mmoja achague seksio: ualimu au kilimo. Shule ilikuwa na hizo mbili tu. Seksio ya tatu, tulivyotania, ilikuwa Omate, kwenye mashimo ya dhahabu, ambako hakuna anayekuuliza matokeo ya mtihani. Wavulana kadhaa walikuwa wameshajiandikisha huko bila kumuaga mtu.

Tuliobaki tulikuwa tunapimana sababu wakati wa mapumziko.

"Kule ku kilimo hakuna matematike mingi," alisema msichana niliyekaa naye benchi moja.

"Na ba agronome banapataka pikipiki," akadakia mvulana wa nyuma yetu, akimaanisha mabwana shamba. "Umeshaona mwalimu wa shule ya musingi na pikipiki?"

"Weye upate pikipiki, mafuta utatoa wapi? Utaisukuma mpaka Goma?"

Tulicheka. Mvulana mmoja mrefu hakucheka. Alisema ukikutwa barabarani na madaftari, watu wa bunduki wanakubebesha masanduku yao mpaka msituni. Ukikutwa na jembe wanakuacha, kwa sababu wao pia wanakula.

"Jembe njo inakurudisha ku nyumba," alisema, na hapo kicheko kikakatika.

Waliponiuliza mimi, nilisema sijui. Nilijua, lakini niliona aibu kuisema. Sababu yangu ilikuwa maharage ya Mama.

Tulikuwa tumetoka Nyamitaba, Masisi, kwenye vilima vya baridi na malisho ya ng'ombe. Baba alikuwa amefariki kabla ya vita kufika kwetu, na Mama ndiye aliyelima. Kule Nyamitaba wanawake walikuja kwake kuuliza mbegu ipi ya maharage itastahimili mvua na ipi ipandwe mwisho. Aliweza kutia mkono kwenye gunia la jirani na kusema hizi zina ugonjwa. Kisha tukakimbia, yeye na mimi na wadogo zangu wawili, tukateremka mpaka kwenye joto la msitu wa Walikale, na mbegu alizozibeba kifuani njia nzima akazipanda. Zikaoza. Akapanda tena. Zikaota, zikawa njano, zikalala chini. Nilimwona amesimama katikati ya lile shamba akiwa na mashina mkononi, anayageuza na kuyageuza kama barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku tuliyoyakimbia makazi yetu. Siku ile angalau Mama alijua la kufanya.

Basi nikataka kusoma udongo ule. Nilijua nikiwaambia wenzangu, watasema: mama yako hakukufunza kushika jembe mpaka uende kufunzwa na mwalimu? Wangekuwa na haki ya kucheka. Ndiyo maana nilinyamaza.

Shamba lenyewe halikuwa letu. Tuliliazima kwa mzee mmoja wa pale kijijini, mwindaji mwenye mbwa wembamba na mzaha mkali, ambaye sote tulimwita Papa, yaani baba. Masharti yake aliyasema siku ya kwanza mbele ya wanaume wenzake, na Mama akayarudia kwa sauti ili kila mtu asikie kwamba ameyasikia. Tupande muhogo, mahindi, karanga, maharage kama yatakubali. Kila mavuno, kapu la kwanza liende kwake. Na tusipande mti wowote: mgomba, mchikichi wala mti wa matunda.

Sharti hilo halikutushangaza. Hata Masisi ni hivyo. Anayevuna maharage huondoka na maharage yake, na udongo unabaki kwa mwenyewe. Lakini mti hauondoki. Mwenye mti ana sababu ya kurudi, na watoto wake wana sababu ya kurudi, na baada ya miaka atatokea mtu aseme: kama udongo si wao, mti huu waliupanda vipi? Watu wameuana kwa sababu ya mti mmoja.

Mwalimu wa kilimo alikuwa mpya. Alitoka upande wa Butembo, kijana Mkatoliki mwenye rozari iliyochungulia kwenye kola, na alikuwa na hamu ya kufanya kila jambo kama inavyotakiwa. Alisema hataki kupokea kwenye seksio yake watu wanaokimbia hesabu. Anayetaka kuingia atapewa miche mitano ya avoka, tunda ambalo wengine huliita parachichi, kutoka kitalu cha shule. Ataipanda nyumbani kwao kwa mikono yake. Yeye atapita kila nyumba kabla ya shule kufungwa, aione imeshika, ndipo aandike jina.

Wenzangu walipiga makofi. Avoka tano za bure! Mimi nilibeba miche yangu kwenye beseni, kila mmoja ndani ya mfuko wake mweusi wa plastiki, na njia nzima nilikuwa nafikiri jinsi ya kuanguka nayo mtoni.

Mama aliiangalia akiwa amesimama mlangoni.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kazi ya shule, Mama."

"Rudisha."

"Nikirudisha sitaingia ku kilimo."

"Ingia ku ualimu."

"Mama, na maharage?"

Alichukua beseni na kuipanga mifuko chini, nyuma ya jiko, mahali ambapo mtu anayepita njiani haoni. "Ikae mu mifuko yake," alisema. "Muti iko mu mufuko haijapandwa."

Tukaishi na maneno hayo kama watu wanaoishi chini ya paa linalovuja upande mmoja. Nilimwambia mwalimu natafuta mahali pazuri. Asubuhi nilichungulia miche kabla ya kunawa uso. Na asubuhi moja nilipoinua mfuko mmoja, ulinigomea. Nikavuta. Chini ya plastiki, kwenye tundu la kutolea maji, mzizi mweupe ulikuwa umetoka na kuingia ardhini.

Nilikaa chini. Kwa mtu mwingine ule ungekuwa mzizi tu. Mimi nilianza kuuliza maswali ambayo hayakuwa na wa kuyajibu. Mti ukijipanda wenyewe, nani ameupanda? Papa akipita sasa hivi, nitamwambia nini? Niliukata kwa kucha, nikainua mifuko mingine, nikakata yote. Tangu siku hiyo niliinua miche kila asubuhi kama mtu anayemkagua mtoto mwenye chawa. Niliiweka juu ya ubao. Mchwa wakala ubao. Majani nayo yakaanza kusinyaa, kwa sababu mti unaokatwa mizizi kila siku hauwezi kufurahi. Nikawa naogopa mambo mawili yanayopingana: kwamba miche itashika, na kwamba itakufa.

Wakati huo habari za barabarani zilikuwa mbaya. Upande tuliokuja, kuelekea Masisi, vizuizi vilikuwa vimeongezeka, na kila kizuizi kilikuwa na watu wake na hasira zake. Familia iliyojaribu kurudi ilirudishwa bila hata masufuria. Nilimwona Mama akiwatazama wadogo zangu wanapokula. Tukifukuzwa kwenye shamba lile, njia iliyobaki ilikuwa ile.

Ndipo jirani yetu akaja kuomba chumvi. Alipitia nyuma ya jiko, kama majirani wanavyofanya, na Mama akawahi kutupa majani ya mgomba juu ya miche. Hakuwahi vizuri.

"Ni nini hiyo, Mama?"

"Mboga," Mama alisema.

"Mboga!" Jirani akacheka, akachukua chumvi yake, akaenda. Alielekea upande ambao haukuwa wa kwake.

Nilimwambia Mama twende kwa Papa kabla maneno hayajafika.

"Twende tuseme nini? Kwamba nilidanganya?"

"Tuseme ni masomo."

"Mutoto, wewe unafikiri mpaka unaharibu. Nyamaza, ile miti nitaichoma."

"Ukiichoma watasema tulificha."

Mama akajifunga kitenge kingine juu ya kile alichovaa, kama anavyofanya akienda mahali pa heshima, na tukatoka. Njiani nilipanga hotuba. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na shukrani, ilikuwa na mfano wa kuku anayelalia mayai ya bata.

Papa alikuwa kwenye barza, kile kibanda cha wazi ambamo wanaume huketi na kuzungumza mambo yao. Wanawake hawaingii hovyo. Tulisimama nje kwenye matone ya paa, na kabla Mama hajafungua kinywa, Papa akasema:

"Mama, nimesikia muko na mboga ya ajabu nyuma ya jiko. Mboga inakomaa inakuwa muti?"

Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka. Mama alipiga magoti kwenye tope.

"Papa, ni masomo ya mutoto. Mwalimu njo alimupa. Hatujapanda."

"Masomo." Alilivuta lile neno. "Kuna muntu mwingine alikuja hapa, kabla yenu, tukamupokea. Akapanda eukaliptusi mbili, anasema ni za kuni tu, Papa, kuni tu. Leo mimi nikienda ku muto kuoga, njo namuomba njia. Mimi! Ku udongo ya baba yangu!"

"Kweli kabisa," mmoja akaitikia.

"Sasa yeye alikuwa na mbili. Ninyi muko na tano."

Hotuba yangu yote ilipotea. Sikukumbuka hata kuku. Nilisikia sauti yangu ikitoka juu juu, nyembamba.

"Papa, mimi sipande. Upande wewe."

"Eh?"

"Miti ikuwe yako. Uchimbe mashimo wewe, uiweke mu udongo na mukono yako, hawa ba Papa bote baone. Avoka zikuwe zako na za watoto yako. Mimi nitazilinda tu na mbuzi. Hata mukitufukuza kesho, zinabaki."

Mwanaume aliyekaa karibu na moto akatikisa kichwa.

"Huyu mutoto wa Masisi iko anatega mutego."

Papa aliniangalia kuanzia miguuni. "Mimi natega mitego tangu sijaota ndevu," alisema. "Muntu anatega mutego anatuliaka. Angalia huyu, anatetemeka mpaka kitambaa. Huyu iko na woga tu." Akamgeukia Mama. "Simama, Mama, tope itakumeza. Kesho nakuja."

Alikuja kweli, na wanaume watatu kama mashahidi, na mbwa. Alichagua mahali mwenyewe, kwenye ukingo wa shamba. Kwenye kila shimo alilolichimba alitaja neno kwa lugha yao. Mama aliniambia baadaye kwa sauti ya chini kwamba ni jina la baba yake, maana alikuwa amelisikia likitajwa kijijini. Mimi nilisimama kando, mikono nyuma ya mgongo, vidole nimevifunga pamoja ili pasitokee shahidi wa kusema nilishika udongo.

Lakini kwenye shimo la kwanza aliuzamisha mche mno. Mwalimu alikuwa ametuambia: mahali shina linapokutana na mizizi pasifunikwe, utaoza. Neno kuoza lilitosha. Nilipambana na ulimi wangu.

"Papa, shingo…"

"Shingo ya nani?"

"Ya muche. Itoke inje."

Mashahidi walimtazama. Nilifikiri sasa nimeharibu kila kitu, nimempa amri mwenye udongo mbele ya watu wake. Papa alipangusa pua kwa mkono wenye tope. Akaingiza vidole, akauinua mche.

"Hivi?"

"Zaidi kidogo."

"Inakuwa sasa kama muke mwenye maringo," alisema, na wakacheka, na miche mingine yote akaipanda shingo nje bila kuambiwa. Nilizungushia kila mmoja uzio wa fito. Fito nilizikata kwa ruhusa, na niliomba ruhusa hiyo mara nyingi kiasi kwamba alinikataza kuomba tena.

Bado kulikuwa na mwalimu.

Nilijaribu kumweleza shuleni. Kila nilipomkaribia alikuwa na watu, au nilijiona nimeanza sentensi vibaya nikarudi. Kwa hiyo alipokuja kwetu hakuwa anajua lolote. Na Papa, ambaye habari za kijiji hazimpiti, alikuwa ameshafika, ameketi juu ya kinu cha Mama kilichopinduliwa, na wale mashahidi wake nyuma. Nilielewa kilichowaleta. Walitaka kusikia nitakachosema.

Mwalimu aliwasalimia vizuri, akaizunguka miche, akainama kuigusa. Ilikuwa imesimama, majani mapya mekundu kwenye ncha.

"Imeshika. Vizuri sana," alisema. Akatoa kalamu. "Ulipanda wewe mwenyewe?"

Ningesema ndiyo, jina langu lingeandikwa, na mbele ya wanaume wanne ningekuwa nimesema mti ni wangu. Ningesema hapana, seksio ingekuwa imeniponyoka. Nilitafuta jibu la tatu. Mimi ni mtu wa kutafuta jibu la tatu, nimelitafuta maisha yangu yote, mara nyingi halipo. Nilimtazama Mama. Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, lakini mkono ulikuwa umesimama.

"Hapana, Mwalimu. Papa njo alipanda."

"Papa yupi? Papa huyu?" Kalamu ilibaki hewani. "Nilisema mwanafunzi. Sheria ni moja kwa wote. Nikikukubalia wewe, wale wengine watasema nini?"

"Ni miti yangu," Papa alisema kutoka kwenye kinu.

"Sawa, Papa. Lakini mimi sikuja kumwandika Papa ku seksio ya kilimo."

Mashahidi walicheka, na Papa pia alicheka, ila macho yake hayakutoka kwa mwalimu.

"Mwalimu, nyumba unalala, si iko ku udongo ya ndugu yangu?"

"Ndiyo."

"Umepanda nini pale?"

"Lengalenga. Na vitunguu."

"Lengalenga. Na vitunguu." Papa alihesabu kwa vidole viwili, mchicha na vitunguu. "Muntu mwenye masomo mingi ya miti, hata limau moja hujaweka? Sababu gani?"

Nikaona macho ya mwalimu yakienda kwenye miche, yakarudi kwa wanaume wale waliokuwa wakisubiri, yakafika kwa Mama na ungo wake. Yeye naye alikuwa mgeni pale. Hakuna aliyemwambia wazi, ila siku aliyohamia nadhani alisikia masharti yaleyale. Aligusa rozari yake kwenye kola, akaiingiza ndani.

"Nani anailinda?" aliniuliza, kwa sauti nyingine.

"Mimi."

"Uzio huu ni wa nani?"

"Wangu. Fito niliomba."

"Aliomba mpaka akanichosha," Papa alisema. "Mwalimu, sikia. Hii miti ikikufa, mimi namuuliza nani? Wewe utakuwa umerudi kwenu Butembo. Mufunze huyu. Iko anajua shingo."

"Shingo?"

"Shingo ya muche. Haujui?"

"Ninajua, Papa. Ni mimi niliwafunza." Na kwa mara ya kwanza mwalimu akatabasamu. Akaandika jina langu akiwa amesimama, karatasi juu ya paja. Mkono wa Mama ukaanza tena kwenda na kurudi juu ya mchele.

Mwaka uliofuata, tulipoanza masomo ya seksio, tulikuwa wachache. Mvulana mrefu aliyesema habari za jembe hakurudi. Wengine walisema Omate, wengine walisema alibebeshwa mizigo na hakuachwa. Shamba tulibaki nalo. Mama alijaribu maharage kwenye matuta ya juu, kama mwalimu alivyotufundisha kwa ajili ya udongo unaoshika maji, na yakatoa, si mengi, lakini hayakuoza. Alipeleka kapu la kwanza kwa Papa kabla sisi hatujaonja.

Mimi sikutulia. Miti ya mtu ilikuwa mikononi mwangu, na kuilinda kulinitia wasiwasi kuliko kama ingekuwa yangu. Asubuhi moja nilikuta jani lenye matundu madogo madogo, na nikaja shuleni nalo mfukoni, nimelikunja ndani ya karatasi. Kengele ilikuwa haijagongwa vizuri risasi zilipoanza upande wa mto. Tulilala sakafuni wote kama tulivyozoea, mashavu kwenye vumbi, na mwalimu alilala kati ya benchi yangu na ukuta, mikono juu ya kichwa. Risasi zilisogea, zikapoa, zikaanza tena. Mtu alikuwa akisali nyuma. Nilitoa jani mfukoni, nikalikunjua, nikalisukuma sakafuni kuelekea kwake.

"Mwalimu, liko na tundu. Muti itakufa?"

Aligeuza uso. Alilitazama kwa jicho moja, jingine limefungwa kwa sababu ya vumbi.

"Ni mududu tu," alinong'ona. "Umutoe kwa mkono, asubuhi, kabla ya jua. Angalia chini ya jani, si juu. Chini njo anajificha."

"Kila jani?"

"Kila jani. Sasa lala chini, mutoto, kichwa chini."